Kitanda cha Dirishani

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia boksi la karatasi, maana kiti changu hapa dukani kilivunjika mguu na Bosi anasema "kesho" tangu mwaka ulioisha. Vidole vina wino wa mashine ya fotokopi, kwa hiyo ukiona alama nyeusi pembeni usidhani nimelia. Ni kazi tu.

Huku mama mwenye nyumba bado anafunga bomba la uani kwa kufuli, na ufunguo anaulalia. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, furahi. Mgongo wako vipi, na vumbi la sufi? Gia alipopita na lori lake aliniambia umeshona magodoro ya bweni zima peke yako. Shangazi, wewe si mashine.

Haya, nije kwenye lenyewe. Nimejiandikisha tena. Mtihani wa kuingia chuo cha sheria ni Jumamosi ya tarehe 15 Juni, na kama ujuavyo, mtu anaruhusiwa kuufanya mara mbili tu. Ya kwanza niliichezea mwaka jana. Hii ndiyo iliyobaki. Nikianguka, basi nitaendelea kuchapa viapo vya watu hapa mbele ya mahakama mpaka nizeeke, nikiwatazama mawakili wanavyoingia kutoa nakala na kusahau kusema asante.

Insha siziogopi. Ndiyo maana nimekubali sharti lako kwamba tuandikiane, simu tuiachie misiba. Kinachonitoa jasho ni yale maswali ya kupanga yaliyoniangusha. Nakuwekea moja umwone adui yangu:

Mwalimu, daktari, mwashi na mpishi wamekaa kwenye benchi moja. Daktari yuko mwisho wa benchi. Mwashi hayuko kando ya daktari. Mwalimu hayuko kando ya mpishi. Je, mwashi kakaa kati ya nani na nani?

Safari hii nina moyo kweli kweli. Kila alfajiri nafungua kitabu kabla ya kunawa uso.

Wako anayekupenda,
Wakili wako mtarajiwa


21 Februari

Wakili wangu,

Marahaba, mara mia. Gia kafika na barua yako imekunjamana kama shati lililolaliwa, maana aliiweka chini ya kiti cha lori. Nimemgombeza. Mama yake naye kamgombeza. Kacheka tu, unamjua.

Sisi tuko. Mama yake Gia, shangazi yako muuguzi, kastaafu na sasa anampima presha kila anayepita mlangoni, hata muuza maji. Yeye na mama mkubwa bado hawasemezani kwa ajili ya ile sufuria. Nani aliikopa, nani aliirudisha bila mfuniko, mimi nimechoka kusikia. Baba mkubwa anasema kesi yake ya uzio haipeleki kwa mtu yeyote, anakungoja wewe. Bibi mdogo masikio yamekwisha kabisa, ukimwambia "habari" anakujibu "Jumanne". Na yule mjukuu wake, Kitoto, juzi alipanda kitanda changu cha dirishani na miguu ya matope. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka nje! Unajua godoro lile nimelijaza kwa mkono wangu, sufi konzi kwa konzi, na hajalilalia mtu mwingine tangu nilishone. Hata marehemu baba yako nilimtandikia sebuleni.

Sasa swali lako. Kwanza nataka kujua, mwalimu na mpishi wamegombania nini? Hawakuandika? Huwezi kuwapanga watu bila kujua ugomvi wao. Mimi nasema mwashi kakaa katikati ya hao wawili awaamulie, maana wasioelewana lazima uweke mtu kati. Daktari mwache huko pembeni, madaktari wana maringo.

Magodoro nimepunguza. Nachoka mapema siku hizi, ni uzee tu. Wewe soma. Hapa hakuna anayekuita jina lako tena, wote ni Wakili, Wakili.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mvua zimeanza na duka linavuja pale pale kwenye mashine. Bosi kaweka ndoo.

Jibu lako la mwashi ni sahihi. Sijui kwa nini limeniudhi.

Masomo yanaendelea. Wasalimie wote. Naandika kwa haraka, Gia anapiga honi.

Wako


30 Machi

Wakili,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na sikuhitaji kutafuta kiti.

Mwanangu, nimekulea tangu una miaka tisa. Wewe ndiye uliyenitolea hoja kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa inazimwa kwa nini usivae sweta. Jina la Wakili hukupewa na chuo, ulipewa na majirani waliochoka. Leo unaniandikia mistari ya kubandika kwenye mlango wa ofisi, "masomo yanaendelea." Yanaendelea kwenda wapi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Unasoma au husomi?

Na hukuniwekea swali. Nilikuwa nalingoja. Nilishamwambia shangazi yako muuguzi kwamba nina kipaji, akanipima presha.

Mimi usiniulize, mimi mzima. Wiki hii nilishinda foleni ya hospitali kumsindikiza jirani, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nijibu wewe, tena kwa urefu.

Shangazi yako, mwenye hasira kidogo


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo muda, nikiitoa kwenye mkoba na kuirudisha. Wazima huko? Huku wazima. Kiti kimetengenezwa, halafu mguu wa pili umevunjika.

Sisomi. Haya, nimesema.

Mwanzoni mwa Machi walitupa mtihani wa majaribio kule kwenye darasa la jioni. Nilikuwa nimejiandaa, Shangazi, naapa. Karatasi iliporudi nilikuta nimepata chini ya mwaka jana. Chini! Mwaka jana ambao sikujua hata swali linaanzia wapi. Kijana aliyekaa mbele yangu, aliyekuja darasani majuma mawili tu, alipata alama za juu akawa anaulizia kama kuna soda. Nikakunja karatasi yangu ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikakataa kukunjika.

Tangu hapo kitabu kiko chini ya kitanda. Alfajiri naamka saa ile ile, mwili umeshazoea, nakaa kitandani natazama ukuta hadi muda wa kazi. Nikijilazimisha kukifungua, nasoma "watu sita wamekaa" na naona kichwa kinajaa pamba. Nawaza, hivi ni nani aliyeniambia naweza? Labda nilikuwa mtoto mbishi tu, na ubishi si akili.

Kinachoniumiza zaidi ni ninyi. Baba mkubwa na uzio wake. Mtaa mzima. Kila mtu ananiita kwa jina la kitu ambacho sijakipata na huenda nisikipate. Tafadhali, Shangazi, usiniite Wakili tena. Nakuomba sana.

Binti yako


3 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Sitakuita.

Na sitakuambia ujikaze, maana najua ulijikaza. Umeumia na una haki ya kuumia. Niliposoma kuhusu hiyo karatasi uliyoikunja nilitamani niwe karibu, nikukalishe, nikusuke nywele bila kusema kitu. Kuhusu mtihani ni juu yako. Ukiamua basi, basi. Nyumba hii ina kitanda chako cha mlangoni na hakuna atakayekuuliza.

Mimi nina shida yangu nyingine na haina uhusiano na sheria. Juni tarehe 12 natarajia wageni, watalala hapa siku kadhaa, na nimeshindwa kuwapanga. Kichwa kinaniuma. Wewe nyumba unaijua. Chumba cha nyuma kina vitanda viwili, cha mbele viwili, na sebuleni natandika godoro moja chini. Watu ni watano.

Bibi mdogo lazima awe chumba cha nyuma, karibu na choo. Baba mkubwa magoti hayamruhusu kulala chini, na isitoshe anakoroma, hakuna mwenye masikio mazima atakayekubali kulala naye. Mama mkubwa keshaapa, anasema miaka thelathini imetosha. Mama mkubwa na shangazi yako muuguzi hawawezi kuwa chumba kimoja, sufuria bado inaendelea. Kitoto anarusha mateke usingizini, simlazi na bibi yake mwenye mguu mbovu. Na mama mkubwa, Kitoto anamwogopa kama nini, akimwona tu anaanza kulia.

Nimeandika, nimefuta. Mara nimemlaza baba mkubwa bafuni. Nisaidie, mwanangu, wewe angalau umeyasoma haya mambo.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi!

Shikamoo, shikamoo. Nimecheka peke yangu dukani mpaka Bosi akaja kuangalia kama mashine imenirusha umeme. Baba mkubwa bafuni!

Sikiliza. Ulikuwa unaanza na mama mkubwa kwa sababu ndiye mwenye kelele. Anza na baba mkubwa. Umesema hakuna mwenye masikio mazima atakayelala naye. Nani hana masikio mazima? Bibi mdogo! Mlaze kwa bibi mdogo chumba cha nyuma. Si ndiye aliyemlea? Atakoroma mpaka paa litingishike, bibi atasema "Jumanne" na kugeukia ukutani. Wamebaki mama mkubwa, shangazi muuguzi na Kitoto, na chumba cha mbele kinachukua wawili. Mama mkubwa hawezi kulala na yeyote kati ya hao. Basi yeye ni sebuleni, na shangazi muuguzi na Kitoto ni chumba cha mbele. Hakuna jibu jingine, nimejaribu.

Unajua nililifanyia wapi? Nyuma ya karatasi iliyoharibika, nimesimama, watu wamepanga foleni wanataka nakala. Sikuona pamba kichwani. Niliwaona nyinyi. Niliporudi nyumbani nikavuta kitabu kutoka chini ya kitanda, nikalifungua swali lililonishinda, na wale watu sita wa kwenye benchi nikawapa sura zenu. Nililipata. Nikafanya la pili, nalo nikalipata nusu. Nimeanza tena, Shangazi. Sijui nitafika wapi ila nimeanza.

Halafu jana nilikuwa nakunja barua hii, nikaiangalia ramani yangu mara ya mwisho, na nikaacha kukunja.

Vitanda vitano, watu watano. Chumba cha mbele kina kitanda changu cha mlangoni, na kile kingine ni cha dirishani. Ni chako. Umemgawia mgeni godoro ambalo hajalilalia mtu, wala hukulalamika. Na wewe mwenyewe hujajipanga popote.

Nimerudia barua zako zote. Unachoka mapema. Unamsindikiza jirani hospitali, jirani asiye na jina, wewe unayetaja kila mtu. Wageni wanakuja katikati ya wiki, hakuna harusi, hakuna msiba, na mmoja wao ni muuguzi.

Shangazi, tarehe 12 Juni wewe utalala wapi?

Binti yako


24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa kitandani dirishani na barua yako nimeiweka magotini, natukana kimya kimya. Nilijiona mjanja! Nilihesabu vitanda, nikahesabu watu, nikahesabu upya, na kila mara nikajisahau, maana kichwani mwangu nilikuwa nimeshaondoka.

Ni uvimbe tumboni. Wameuona Machi. Utatolewa Jumatano ya tarehe 12, na baadaye nitalala wodini siku watakazoona wao. Daktari anasema ni operesheni wanayoifanya mara kwa mara. Anasema pia kwamba hawezi kuniahidi, na hilo nimempendea. Naogopa. Sikulisema hili kwa mtu mwingine, wote wanadhani mimi ni jiwe. Naogopa ile dakika ya kufumbishwa macho.

Sikukuambia kwa sababu najua hesabu utakayoipiga. Kutoka kwako mpaka hapa ni safari ya siku mbili. Ukija Jumatano, Jumamosi hutakuwa kwenye mtihani, na hakuna mara ya tatu. Ungekuja, nakujua. Ungekaa pembeni ya kitanda changu na maisha yako yote ungesema haikuwa shida. Mimi ningelala pale na kidonda kimoja tumboni na kingine huku juu.

Na swali la vitanda halikuwa ujanja. Nilikuwa sijui kweli nitawalaza vipi.

Usije. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako usinibishie.

Shangazi yako


5 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za bomba wala za kiti.

Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena. Machi! Ulikuwa unanigombeza kwa kuficha, na wewe umeficha lako chini ya kitanda hicho hicho. Tumefanana mpaka inachosha.

Nilishakata tiketi ya basi, nataka ujue. Imekaa kwenye kitabu kama alamisho tangu Jumatatu. Kila nikifungua kusoma naiona. Na kila nikiiona nasema, nenda, huyu ndiye mama uliyebaki naye. Halafu nasoma mstari wako kuhusu kidonda cha pili, na naona umesema kweli, na ninachukia kwamba umesema kweli.

Leo asubuhi nimeirudisha stendi. Nitafanya mtihani. Lakini nabisha kidogo, nivumilie, nina masharti. La kwanza, simu tumeiachia misiba na sharti hilo libaki. Sitaizima kuanzia Jumatano. Isipolia, nitajua. Asipige mtu yeyote kunipa salamu wala kunitakia heri, moyo wangu hautastahimili mlio wake. La pili, dakika ile ya kufumbishwa macho, anza kupanga. Walaze wote, mmoja mmoja, kuanzia baba mkubwa. Mimi nitakuwa nawapanga huku saa hiyo hiyo. Kabla hujafika kwa Kitoto utakuwa umeshalala.

Na ukimaliza kuwapanga, safari hii jipange na wewe.

Nakupenda sana. Sijawahi kukuandikia hivi wazi, ila leo nimeandika.

Binti yako


13 Juni, wodini

Mwanangu,

Mwandiko ni wa mdogo wangu muuguzi, maneno ni yangu. Anasema nisiongee sana. Nimemwambia aandike, asitibu.

Niko hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari. Wameutoa wote, mkubwa kama ngumi, na daktari ametabasamu kwa meno. Kuna vipimo vingine vya kungoja lakini yeye hana wasiwasi, na mimi nimeamua kumfuata. Kukohoa ndiko kunakoniua, na baba mkubwa alipokuja alinichekesha makusudi. (Hapa amesema neno ambalo sitaliandika. Muuguzi.)

Nilipanga kama ulivyoniagiza. Nilimlaza baba mkubwa, nikamlaza bibi mdogo, nikafika kwa mama mkubwa nikasikia mtu ananiambia nimeshatoka kwenye operesheni. Jana usiku mama mkubwa na mdogo wangu walikesha hapa pamoja kwenye benchi la nje, na hakuna aliyeitaja sufuria. Kwa hiyo ramani yako imeharibika, samahani.

Barua hii inaletwa na Gia. Anaondoka sasa hivi, na nimemwapisha asikupe kabla hujatoka kwenye chumba cha mtihani, hata ukilia, hata ukimshika shati. Nilitaka uingie ukiwa na kichwa chako mwenyewe. Sijui kama umeweza. Sitauliza, nataka tu kukuona.

Wageni wanaondoka kesho kutwa. Chumba cha mbele kitabaki tupu. Swali langu la mwisho: watu wawili, vitanda viwili, hakuna masharti. Panda lori.

Shangazi yako


15 Juni, nyuma ya barua hii hii, ndani ya lori

Shangazi,

Mwandiko unaruka kwa sababu ya barabara, na kwa sababu Gia anaendesha kama ameiba.

Asubuhi nilikabidhi simu getini ikiwa bado kimya. Ndani niliketi karibu na mlango. Maswali ya kupanga yalikuja, wasafiri saba na mahema matatu, na pamba ikaanza kurudi kichwani. Nikaweka kalamu chini. Nikajiuliza jambo moja tu: hapa nani hajapangwa? Alikuwepo, msafiri wa saba, hawakumtaja tena baada ya mstari wa kwanza. Nikaanzia kwake. Shangazi, wote walilala. Nilijibu yote, hakuna nililoliacha wazi. Kama ni sahihi sijui, majibu ni mwezi ujao.

Nilipotoka nikaliona lori la Gia ng'ambo ya barabara. Njia yake haipiti pale. Nikakaa chini kwenye ngazi mbele ya watu wote, nikashindwa kumtazama usoni. Nilitazama mikono. Alikuwa anamenya karanga. Nikasema moyoni, mtu hawezi kuleta msiba huku anatafuna karanga, na nikaanza kulia kabla hajavuka. Eti anauliza, "Mtihani ulikuwa mgumu hivyo?"

Jibu la swali lako: wewe dirishani, mimi mlangoni. Hakuna jibu jingine, nimejaribu. Barua hii nitakusomea mwenyewe, na ukianza kucheka nitaacha, usije ukakohoa.

Na lile jina nililokukataza, sitangoja majibu. Niite ukisikia honi.

Wakili